Papi zinapopandana omo: jibu kwa mjenzi wa meli yake ya kwanza ya mfano

Swali: Nimenunua seti ya kujiundia meli ya mbao ya matanga, manowari ndogo ya milingoti mitatu ya karne ya 18, kwa skeli ya 1:64. Kiunzi nilikimaliza bila taabu. Sasa nimeshabandika papi (vibao vyembamba vya kufunika ubavu) tisa kila upande, nikishuka kutoka juu, na kazi imeniharibikia: katikati ya meli papi zimelala vizuri, lakini huko omo, yaani mbele, zinapandana kama magamba ya samaki, na huko tezi, yaani nyuma, zinaachana hadi ncha ya penseli inapita. Nimepima kwa ukanda wa karatasi kutoka ukingo wa sitaha hadi mkuku, uti wa chini wa meli: taruma (kipande cha kiunzi kinachobeba papi) la katikati ni milimita 108, la kwanza huko omo ni 68, la mwisho huko tezi ni 120. Je, mbao za seti ni mbovu? Nijaze puti niendelee, au nibomoe nianze upya?

Jibu: Mbao zako ni nzima, na huna haja ya kuanza upya. Papi tano za mwisho kila upande zitabidi zitoke. Nne za juu zitabaki mahali pake. Puti nayo ina kazi yake katika meli hii, ila kazi hiyo si kuficha papi zilizopandana, na nitaifikia baadaye. Kwanza nataka uone kosa lilikoanzia. Halikuanzia kwenye papi ya tano au ya sita ambapo jicho lako liliona kasoro. Lilikuwapo tangu papi ya kwanza, na kwa mpango huo hata mbao bora kuliko zote zingekufanyia hivyo hivyo.

Seti huja na mafungu ya papi zenye upana mmoja, na anayezitazama kwa mara ya kwanza hudhani kazi ni kuzipanga moja chini ya nyingine mpaka ubavu ujae, kama apangaye mbao za ukuta. Ubavu wa meli si ukuta. Ni umbo lililonenepa katikati, likanywea kuelekea omo, na kuelekea tezi likatanuka upande wa chini kabla ya kubanana kwenye nguzo inayobeba usukani. Vipimo vyako vitatu vinasema yote. Papi zako zina upana wa milimita 5. Ukigawa 108 kwa 5 unapata 21.6, maana yake pale katikati ubavu mmoja utajazwa na safu 22. Safu hizo hizo 22 zinapaswa kufika omo, ambako nafasi yote ni milimita 68, kwa hiyo kila safu ina haki ya milimita 3.1 tu. Wewe ulizipeleka na milimita zake 5 kamili. Papi tisa za upana huo zinadai milimita 45 kati ya 68, na kuziachia papi 13 zilizobaki milimita 23 za kugawana, yaani pungufu ya milimita 1.8 kila moja. Upande wa tezi hesabu inageuka: safu 22 za milimita 5 ni 110, nafasi ni 120, na hizo milimita 10 zilizobaki hazina mwenyewe. Ndiyo maana mbele unaona msongamano na nyuma unaona mapengo, ingawa papi ni zile zile na mkono ni ule ule.

Lakini kwa nini zipandane, badala ya kukosana tu na kuacha nafasi? Papi ya unene wa milimita 1.5 ni tiifu ukiikunja kwa ubapa wake. Ukitaka kuipinda kwa ukingo, yaani igeuke juu au chini ikiwa bado imelala, ni mbishi kupindukia. Kata ukanda wa karatasi wa upana wa milimita 5, ulaze juu ya mpira, uuache ujiendee: utafuata njia yake bila mkunjo. Sasa ulazimishe ugeuke kidogo upande mmoja. Ukingo mmoja utaendelea kuushika mpira, na ule wa pili utanyanyuka hewani. Papi zako zilipofika kwenye mzingo wa omo zilitaka kupanda juu kufuata njia yao. Wewe ukazivuta chini kwa pini, nazo zikatii kwa ukingo mmoja na kuasi kwa wa pili. Ukipitisha ukucha juu yake kutoka juu kwenda chini, utahisi ngazi ndogo kwenye kila kiungo. Hicho ndicho unachokiita magamba.

Tuanze basi na kuzitoa zile tano. Kama ulitumia gundi nyeupe ya mbao, chovya brashi ndogo katika spiriti ya isopropili, lowesha mstari wa gundi kwenye kila taruma kwa upande wa ndani na wa nje, subiri dakika kadhaa, kisha ingiza kisu butu kati ya papi na taruma na ukisogeze polepole. Gundi italegea na kuwa kama mpira. Kama ulitumia supaglu, utahitaji asetoni na uvumilivu zaidi, na dirisha liwe wazi. Usivute papi kwa nguvu kutoka upande mmoja, maana plaiwudi ya mataruma huchanika kwa matabaka yake na utajikuta unatengeneza taruma badala ya ubavu. Papi zenyewe usizihurumie. Zikikatika, seti nyingi huweka chache za ziada.

Kabla hujabandika chochote tena, tazama mataruma yaliyobaki wazi, kwa sababu nadhani hukuyapiga hanamu, yaani kuzichonga kingo zake ziwe mshazari, vya kutosha. Nasema nadhani, lakini sijawahi kuona meli ya kwanza ya mtu yeyote, ikiwamo yangu, ambayo kazi hii ilifanywa ikatosha. Mataruma hukatwa kwa leza, na kingo zake hutoka zikiwa wima kabisa. Huko omo, ubavu unapojikunja kuelekea katikati, papi haipiti wima juu ya taruma bali inapita mshazari. Taruma lisipochongwa hanamu, papi hugusa pembe moja tu, na gundi yote hushika kwenye mstari usiozidi unene wa uzi. Kwa mataruma ya mbele, pembe inayopaswa kuondoka ni ile inayoelekea omo. Kwa mataruma ya nyuma ni ile inayoelekea tezi. Leza inakusaidia bila kukusudia: ukingo ilioukata ni wa kahawia kwa kuungua, kwa hiyo ukipiga msasa, mahali paliposalia rangi hiyo ndipo msasa haujapafikia. Katika taruma la kwanza la omo, rangi ya kahawia inapaswa kubaki mstari mwembamba tu upande wa nyuma, na ukingo wote uliosalia uwe mweupe.

Usipige msasa taruma moja moja. Bandika msasa wa namba 120 kwenye kibao kirefu chembamba kinachoweza kufika mataruma matatu kwa pamoja, na ukisukume kufuata mwelekeo ambao papi itapita. Kisha chukua papi nzima isiyo na gundi, ilaze kwa vidole kuanzia omo hadi katikati, na utazame chini yake dhidi ya mwanga. Mahali unapoona mwanga kati ya papi na taruma, taruma hilo ni fupi na linahitaji kubandikwa ubanzi mwembamba. Mahali papi inaponyanyuka kama imepanda kilima, taruma hilo ni refu na linahitaji msasa zaidi. Rudia zoezi hili katika vimo vitatu vinne vya ubavu. Itakuchukua jioni nzima, na hakuna jioni itakayolipa zaidi katika ujenzi wote. Kati ya mkuku na taruma la kwanza, na kama nafasi ipo kati ya la kwanza na la pili, jaza vipande vya balsa, mbao laini na nyepesi, vilivyochongwa kufuata umbo hilo hilo. Michoro mingi ya seti haivitaji, au huvitaja kwa mstari mmoja kana kwamba ni hiari, lakini huko ndiko papi inakojikunja kwa ukali kuliko kwingine kote, na bila balsa inajikunja hewani.

Huko tezi kuna mtego mwingine ambao vijitabu vingi vya maelekezo huupita kimya. Sehemu ya chini ya mkuku, pale pande mbili za meli zinapokutana kabla ya nguzo ya usukani, lazima ipunguzwe unene. Fanya hesabu: tuseme mkuku wako una unene wa milimita 5, safu ya kwanza ya papi (hapa namaanisha tabaka la ndani) ni milimita 1.5, na safu ya pili (tabaka la juu yake) ni milimita 0.6. Kila upande unaongeza milimita 2.1, kwa hiyo pande mbili zinaongeza 4.2. Ili ukimaliza unene wote uwe sawa na nguzo yenye milimita 5, mbao iliyo ndani inapaswa kubaki na milimita 0.8. Usipoipunguza, tezi yako itakuwa na unene wa zaidi ya milimita 9, usukani utaonekana kama jani lililogundishwa kwenye gogo, na hakuna msasa utakaorekebisha jambo hilo baadaye bila kutoboa papi. Chora mstari wa mpaka kwa penseli pande zote mbili, kisha punguza kwa patasi ndogo na msasa, ukipima kila mara.

Sasa turudi kwenye nafasi. Ukishatoa papi tano, zimebaki nne, ambazo omo zimekula milimita 20. Pale pamesalia 48, na safu zilizosalia ni 18, kwa hiyo kila moja itakuwa na milimita 2.7. Katikati zimesalia 88, yaani milimita 4.9 kila safu, ambayo ni papi iliyoguswa na msasa tu. Kipimo cha omo ndicho kilichonifanya niseme tano zitoke, wala si mbili au tatu. Kanuni ya mafundi ni kwamba papi isipunguzwe chini ya nusu ya upana wake, na nusu ya 5 ni 2.5; ungetoa tatu tu, kila safu ingebaki na milimita 2.4. Kanuni hiyo haikutoka hewani. Katika meli halisi, ubao uliochongoka kupita kiasi haushiki msumari bila kupasuka, na kalafati, yaani pamba ya kuziba maungio, haipati mahali pa kukaa, na papi ya mfano ina tabia hiyo hiyo.

Usiende moja kwa moja kutoka kwenye hesabu hadi kwenye gundi. Gawa nafasi iliyobaki katika mikanda miwili ya safu tisa tisa, kisha onyesha mpaka kati ya mikanda hiyo kwa uzi mweusi ulionyooshwa kutoka omo hadi tezi na kushikiliwa kwa pini kwenye kila taruma. Iweke meli mezani, rudi nyuma hatua mbili, uitazame kwa mbele, kwa nyuma na kwa ubavuni. Uzi unapaswa kupita kama mstari mmoja laini usio na tumbo wala kibyongo. Mara nyingi utakuta kwamba taruma moja linauvuta juu au chini kwa milimita moja hivi, hata kama kipimo ni sahihi. Hapo lifuate jicho, uisogeze pini, uache hesabu ijirekebishe. Ukiridhika, weka alama ya penseli kwenye kila taruma, na ndani ya kila mkanda gawa tena nafasi za safu tisa. Upande wa pili nakili alama zile zile kwa ukanda wa karatasi, usizipime upya.

Kuchonga papi ni kazi nyepesi kuliko inavyosikika. Hamisha alama za upana kutoka kwenye mataruma hadi kwenye papi, unganisha alama kwa penseli, bana papi mbili kwa pamoja kwenye jiliwa kati ya vibao viwili vilivyonyooka, moja ya kulia na moja ya kushoto, na uzipunguze kwa randa ndogo au kisu kikali hadi kwenye mstari. Punguza ukingo mmoja tu, na uwe ukingo ule ule kila safari, ili ukingo wa pili ubaki mnyoofu kama ulivyotoka kiwandani. Pale ubavu unapojikunja kwa ukali kwenda chini, piga ukingo huo hanamu kidogo sana, mipitisho miwili mitatu ya msasa, ili nyuso za nje za papi zikutane. Ukiacha kingo wima mahali pale, papi zitagusana kwa ndani na kuachana kwa nje.

Milimita 10 zisizo na mwenyewe huko tezi utazipa kabari mbili. Kabari ni kipande cha papi kilichochongwa pembetatu ndefu, kinachoingia kati ya safu mbili pale zinapoanza kuachana na kupanuka kadiri kinavyokwenda nyuma. Ziache papi zilale kwa njia yao, usizivute zikutane. Pengo likishajitokeza, liwekee karatasi, pitisha penseli kwenye kingo zake, kata kabari kwa umbo hilo ikiwa kubwa kidogo, na uipunguze hadi iingie. Usiziweke kabari mbili mfululizo. Acha safu mbili tatu kati yake, na ncha zake butu ziishie juu ya taruma ambako kuna cha kuzishika.

Kuhusu kukunja, watu wengi huamini kwamba maji ndiyo yanayolainisha mbao. Kinacholainisha hasa ni joto, kwa sababu lignini inayoshikamanisha nyuzi za mti hulegea ikipashwa moto na kukaza tena ikipoa; maji hupeleka joto ndani na kuzuia mbao isiungue. Kwa hiyo papi nyeupe laini ya milimita 1.5 inahitaji robo saa tu ndani ya maji ya moto, wala si kulowekwa usiku kucha. Ibane kwenye mzingo wa omo bila gundi, au kwenye chupa yenye mzingo unaofanana, na uiache ikauke kabisa. Hili la kukauka nalisisitiza, kwa sababu papi iliyolowa huvimba kwa upana, na ukiibandika ikiwa imevimba itashikana vizuri na mwenzake siku hiyo, kisha baada ya siku mbili itasinyaa na kuacha ufa mwembamba kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwa kipande kifupi kinachohitaji kupindwa kwa ukingo, kibane juu ya ubao bapa, kivute taratibu kiwe upinde, kishikilie kwa vibanio, na ukipitishie joto la kikausha nywele dakika moja au mbili. Kikipoa kitabaki na upinde wake, na hakitakuwa na sababu ya kunyanyua ukingo. Ungefanya hivyo kwa papi ya tano, hata bila kuichonga, ugomvi ungepungua nusu.

Gundi nyeupe ya mbao inatosha kwa safu ya kwanza. Ipake kwenye kila taruma na mstari mwembamba kwenye ukingo wa papi iliyotangulia. Futa inayofurika kabla haijakauka. Pini zisipigwe hadi mwisho, uzitoe gundi ikikauka. Supaglu ni ya dharura tu: inashika kabla hujapata nafasi ya kusogeza, haivumilii mtikisiko, na moshi wake si rafiki wa macho.

Bandika papi moja kulia, kisha moja kushoto, kisha rudi kulia. Kila papi inayokauka inauvuta mkuku upande wake, na ni mvuto wa mwenzake wa upande wa pili unaouweka sawa. Mimi katika meli yangu ya kwanza niliona ni usumbufu kuigeuza kila mara, nikamaliza ubavu wa kulia wote kwa siku nne za furaha, nikaja kugundua kwamba mkuku umejipinda milimita 4 huko tezi. Meli hiyo bado ninayo rafuni, na ukuta ndio unaoutazama ubavu wake mbaya. Hata wajenzi wa meli kubwa hawakuepuka mambo haya. Manowari ya Uswidi iitwayo Vasa, iliyozama katika safari yake ya kwanza mwaka 1628 na kuinuliwa kutoka baharini mwaka 1961, imepimwa na kuonekana kwamba pande zake mbili hazilingani, na ndani yake zilipatikana rula za mafundi zilizofuata vipimo viwili tofauti, futi ya Uswidi yenye inchi 12 na futi ya Amsterdam yenye inchi 11. Hakikisha basi kwamba rula unayotumia kulia ndiyo unayotumia kushoto.

Nimekuahidi kuizungumzia puti. Safu ya kwanza haitaonekana na mtu, kwa hiyo ukishaibandika yote na kuipiga msasa, vishimo na mifereji midogo iliyobaki ijaze puti bila aibu yoyote, iache ikauke, piga msasa tena. Huo ndio wakati wake. Isipokuwa, puti haina nguvu ya kubeba kitu: pengo linalozidi milimita moja lijaze kwa ubanzi wa mbao uliopakwa gundi, maana ukilijaza puti tupu, msasa utaichimba haraka kuliko mbao iliyo jirani na utapata bonde. Usiitumie kabisa kwenye safu ya pili kama unakusudia kuiacha mbao wazi. Hata ile puti ya kujitengenezea kwa vumbi la mbao na gundi, ambayo mkononi inaonekana kufanana rangi, hugeuka doa ukishaipaka vanishi, kwa sababu gundi haifyonzi vanishi kama mbao inavyoifyonza.

Wakati ubavu bado uko wazi, kuna mambo mawili ya kumaliza ambayo baadaye yatakuwa karaha. Simamisha milingoti mitatu kwenye matundu yake bila gundi, na utazame kwa mbele kama yote iko kwenye mstari mmoja, kisha kwa ubavuni kama inalala nyuma kwa kadiri mchoro unavyoonyesha. Sasa tundu unaweza kulipanua na kulijaza upande mmoja, lakini sitaha ikishapangwa mbao zake hutakuwa na ujasiri huo. Pia toboa sasa matundu ya skurubu za kusimamishia meli kwenye kibao chake, na gundisha nati ndani ya kiunzi kila upande wa mkuku. Kutoboa mkuku wa meli iliyokamilika, yenye milingoti na kamba zake zote, ni kazi ambayo sijamwona mtu akiifanya bila kutokwa jasho.

Safu ya pili, ambayo kwa kawaida ni mbao nyeusi zaidi ya unene wa milimita 0.6 hivi, hufuata kanuni zile zile lakini ina tabia zake. Inapinda kwa urahisi, inapasuka kwa urahisi, na pini huiachia matundu yanayoonekana, kwa hiyo ishikilie kwa vidole na utepe wa karatasi mpaka gundi ishike. Usiipige msasa kana kwamba ni safu ya kwanza: anza na namba 240, umalizie na 320, na ukiona vumbi linabadilika rangi kuwa jeupe simama hapo hapo, kwa sababu umeshaanza kula safu ya chini. Kama seti yako ina vibati vya shaba vya kufunika chini ya mstari wa maji, kama manowari za Uingereza zilivyofunikwa katika miaka hiyo, na Victory iliyoshushwa majini mwaka 1765 ikavishwa yake mwaka 1780, basi sehemu ya chini itafichwa tena na unaweza kutumia huko papi zenye kasoro, ukiziweka zilizo safi juu ambako jicho litakaa. Ila shaba haifichi ngazi wala kibyongo. Vibati vinang'aa, na mwanga utaonyesha kila tuta lililo chini yake.

Kwa safu zote mbili, usiteremke kutoka juu hadi mkukuni moja kwa moja kama ulivyoanza. Ukishabandika papi kadhaa kutoka juu, hamia mkukuni, weka papi ya kwanza ya chini, na upande kutoka huko, ili mapengo ya mwisho yakutane kwenye mzingo wa chini ya ubavu, mahali ambapo mtu anayeitazama meli iliyosimama juu ya kibao hawezi kupaona bila kuinama. Papi ile ya chini kabisa, inayolala kando ya mkuku, usiilazimishe ipande hadi juu omo. Ikate iishie chini, karibu na taruma la kwanza au la pili, ibaki na upana wake wote. Wanaoipandisha huzinyang'anya nafasi papi zote zitakazofuata, na siku wanapoona msongamano huilaumu papi ya mwisho.

Papi ya mwisho yenyewe haiwezi kuchongwa kwa hesabu, kwa sababu kufikia hapo nusu milimita za makosa yote zimejikusanya ndani ya pengo hilo moja. Weka utepe wa karatasi juu ya pengo, upake ubapa wa penseli mpaka kingo zijichore, ubandue na uubandike kwenye papi iliyo pana kuliko pengo. Kata nje ya mstari. Kisha ipunguze kwa msasa, ukiijaribu, ukiitoa, ukiijaribu tena, huku ukiipiga hanamu kingo zote mbili ili upande wa ndani uwe mwembamba kidogo kuliko wa nje. Ikifika mahali inaingia nusu ya unene wake na kukwama, paka gundi na uibonyeze kwa kidole gumba kutoka katikati kuelekea ncha zote mbili. Ikidai nyundo, itoe uipunguze tena.